Shokapu za pikapu: nyumbani au gereji?

Wenye pikapu hawaelewani kuhusu kubadilisha shokapu. Wapo wanaosema ni kazi ya boliti mbili, hakuna haja ya kumsumbua fundi. Wapo wanaosisitiza kwamba asiye fundi asiguse chochote kinachohusu gurudumu. Kwa maoni yangu wote wana haki, ila wa kwanza anaangalia nyuma ya gari na wa pili anaangalia mbele.

Shokapu haibebi uzito. Hiyo ni kazi ya springi. Shokapu inatuliza mdundo wa springi kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vya pistoni, mpaka nguvu ya mtikisiko igeuke joto. Ndiyo maana ikifa gari bado linatembea, na mwenyewe anaahirisha. Wakati huo tairi linarukaruka, linalika kwa mabaka, na kwenye barabara mbovu breki zinachelewa kulisimamisha gari.

Kwa nyuma, penye springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, wanaotetea kazi ya nyumbani wana hoja nzito. Boliti moja iko juu kwenye chesisi, nyingine chini kwenye ekseli. Adui mkubwa ni kutu, na kutu inataka subira: pulizia mafuta ya kulegeza jioni, uache hadi asubuhi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, kwa hiyo chesisi ikae juu ya stendi, magurudumu ya mbele yawekewe kabari, na ekseli ishikiliwe kwa jeki nyingine. Ukifungua shokapu bila kuishikilia ekseli, inaweza kushuka na kuvuta mpira wa breki.

Kuna jambo ambalo mwenye gari asiye na haraka anaweza kulifanya vizuri kuliko fundi mwenye foleni. Shokapu nyingi zina bushi za mpira kwenye ncha zake. Boliti ikikazwa hadi mwisho wakati ekseli inaning'inia, bushi inabanwa katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira unajisokota na kubaki hivyo kila siku mpaka uchanike, kisha lawama inakwenda kwa shokapu mpya. Nati ifungwe kwa mkono kwanza, gari lishushwe likalie uzito wake, ndipo ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Mbele mambo hubadilika. Pikapu ambayo shokapu yake ya mbele imesimama peke yake haina tofauti kubwa na ya nyuma. Lakini nyingi zina shokapu iliyovikwa springi ya koili, na nati ya katikati, juu yake, ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Kuifungua bila kibanio cha springi kunaweza kuua mtu. Hapo nasimama na upande wa gereji bila kusita, tena hata kibanio chenyewe kikiwa kibovu ni hatari ileile. Isitoshe, baada ya kufungua sehemu hizo magurudumu yanahitaji kupimwa na kunyooshwa kwa mashine, la sivyo tairi mpya zitalika upande.

Anayetaka kupunguza gharama ana njia ya katikati: afungue nyumbani shokapu pamoja na springi yake kama kitu kimoja, bila kugusa nati ile ya katikati, aipeleke gereji ikatenganishwe, kisha airudishe mwenyewe. Na azibadilishe zote mbili za ekseli hiyo, kwa sababu mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine hulifanya gari liyumbe kwenye kona na wakati wa kufunga breki.