Jogoo Aliyemeza Jeti

Asubuhi moja ya mwezi Julai, wakati ambapo baridi ya Uyole, huku Mbeya, humfanya mtu asite hata kugusa kitasa cha mlango, pikipiki yangu iligoma kuwaka. Nilipiga kiki hadi nikavua koti, kisha sweta, nayo ikakaa kimya vilevile. Mke wangu alishauri nimwite fundi. Nilimjibu kwamba kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, imeziba tu, na kwamba mtu aliyefika kidato cha sita hawezi kumlipa mwenzake kwa kazi ya mswaki na petroli.

Nilipochomoa mpira wa mafuta, halikudondoka hata tone moja, jambo lililonifurahisha kwa kuwa suruali yangu ilibaki safi. Nilifungua bakuli la kabureta nikalikuta kavu, nikamwita mke wangu aje ajionee jinsi uchafu ulivyozuia kila kitu. Nilitoa boya na sindano yake, kisha nikafungua jeti kubwa, ambayo kwa hakika ni ndogo kama punje ya mahindi, ina rangi ya dhahabu, na katikati ina tundu ambalo ukilielekeza juani huonekana kama nukta ya mwanga. Tundu hilo ndilo linalopima petroli inayokwenda kwenye injini, kwa hiyo halichokonolewi kwa waya, maana likipanuka, pikipiki hunywa mafuta kuliko mwenyewe anavyokunywa chai. Hayo nilikuwa nayajua. Niliisugua jeti kwa mswaki, nikaipuliza, nikaiweka kwenye sinia, na sinia nikaliweka kando ya turubai tulilokuwa tumeanikia mahindi.

Nilipogeuka kuchukua kitambaa, jogoo wa jirani alikuwa amekwisha kufika. Nilimwona akinyoosha shingo mara mbili, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama. Bibi, naomba uniuzie huyu jogoo."

Bibi alinitazama usoni, akaitazama mikono yangu iliyojaa grisi, akatambua kwamba mteja ana shida. Alisema jogoo huyo ndiye saa yake ya alfajiri, tena ni wa mbegu, na bei yake ni shilingi 40,000. Nilimbembeleza kwa robo saa nzima hadi akashuka kufikia 35,000, kwa sharti kwamba kamba ya kumfungia nitairudisha.

Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba, lakini siku hiyo niliidai ikiwa mbichi, nikaipasua mwenyewe huku watoto wamenizunguka. Mlikuwa na mahindi yaliyosagika nusu, kokoto, kifungo cha shati la shule ambacho mwanangu alikitambua papo hapo, na jeti, iking'aa kuliko nilivyoing'arisha mimi. Niliiosha, nikaunga kabureta, nikapiga kiki. Kimya.

Jioni alikuja fundi. Alisikiliza maelezo yangu yote, pamoja na habari za firigisi, bila kucheka, adabu ambayo ninamshukuru hadi leo. Kisha akauliza kama bakuli lilikuwa na mafuta.

"Lilikuwa kavu kabisa," nilijibu kwa fahari.

"Bosi, jeti ikiziba, bakuli hubaki limejaa. Likiwa kavu, ujue mafuta hayajafika."

Aliinama chini ya tangi akageuza koki, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunga usiku uliotangulia, baada ya mke wangu kulalamikia harufu ya petroli sebuleni, tunakoilaza pikipiki. Kiki ya pili ikawaka.

Fundi alikataa fedha lakini alikubali paja, na alipokuwa akilitafuna alinieleza kwamba jeti kama ile huuzwa shilingi 3,000 pale sokoni Mwanjelwa. Bibi naye alichungulia juu ya ua, akaulizia kamba yake, kisha akataka kujua kama wiki ijayo nitahitaji na tetea.