Ngoro za Umatengo: ziandikwe, au zilimwe?

Mvua za masika zinapokaribia kuisha, miteremko ya Mbinga, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, hufanana na sega la nyuki. Yale matundu ndiyo ngoro, kilimo cha Wamatengo ambacho kimeshikilia udongo wa milima mikali tangu kabla ya ukoloni. Majani hufyekwa, yakishakauka hupangwa kwa mistari inayokatana, na katikati ya kila mraba udongo huchimbwa na kufukia majani hayo. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa hapo hapo juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua mpya zikianza mwishoni mwa mwaka. Maji yanayoteremka hunaswa shimoni pamoja na tope lake, nayo majani yanaoza chini ya tuta na kulisha mazao.

Wapo wanaosema maarifa haya yaandikwe haraka, yachorwe, yafundishwe na maafisa ugani hadi Umalila na Makete, katika nyanda za juu kusini, ambako nako watu wanalima miteremko mikali. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Zamani mafunzo yalipitia sengu, kule kukaa na kula pamoja ambako wazee walisuluhisha magomvi na vijana wakasikiliza. Leo kijana yuko bweni au mjini, na mzee akizikwa, anaondoka na vipimo vyake. Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa kushirikiana na Wajapani, kilifanya utafiti Umatengo miaka ya 1990, na bila kazi ile tungejua machache zaidi.

Upande wa pili unasema maarifa ya udongo hayahamishwi kama mche. Nao wana hoja nzito. Udongo unaozunguka mlima Rungwe, upande huo wa Umalila, umetokana na majivu ya volkeno. Kinachosimama kama tuta Mbinga si lazima kisimame vivyo hivyo huko. Tena tuna kumbukumbu chungu ya kuhamisha mbinu kwa amri. Milimani Uluguru, Morogoro, Waluguru walilazimishwa na wakoloni wa Kiingereza kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 watu wakaripuka. Ngoro zikigeuzwa agizo la wilaya zitachukiwa vilevile, hata kama asili yake ni yetu.

Lakini naona pande zote mbili zinapita pembeni ya jambo lenyewe, nalo ni jembe. Kwa desturi, mwanamume hufyeka na kupanga majani, kisha mwanamke huchimba na kufukia. Kazi ya kuvunja mgongo ni ya pili. Kahawa, zao la fedha, iko mikononi mwa mwanamume. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba mabinti hawataki tena kujifunza ngoro, tunamlaumu mtu kwa kukataa kazi ngumu huku fedha ikiingia mfuko mwingine. Sioni kijitabu kitakachorekebisha hilo. Na anayesifu hekima ya mababu bila kumtaja bibi aliyeshika jembe amesimulia nusu tu.

Wengine watajibu kwamba mbolea ya dukani na makinga maji ya kontua, yaani matuta yanayokata mteremko kwa usawa, yanatosha. Mbolea huongeza mavuno, sibishi, ila kwenye mteremko mtupu mvua moja kubwa inaishusha mtoni pamoja na udongo uliobebwa nayo. Makinga maji ni mazuri, nayo pia yanadai jasho.

Ningependa kuona jambo dogo likijaribiwa Umalila. Waalikwe wanawake wachache kutoka Mbinga, walipwe kama wakufunzi wanavyolipwa, wakae tangu kufyeka hadi mahindi yavunwe. Wenyeji wa Umalila nao waonyeshe wanavyofukia majani kwenye matuta yao wenyewe, kisha walime robo ekari pamoja, wanaume wakichimba pia. Kitakachoandikwa kitoke kwenye hiyo robo ekari, na majina ya akina mama hao, wakiridhia, yawe kwenye jalada.