Kamati Ndogo ya Sukari

Leo nimeamshwa na simu. Si ya mteja, si ya mkopo, wala si ya shemeji anayetaka kujua kama ile hela nilimpa au nilimkopesha. Ni sauti nzito ya mwenyekiti wa kamati ya shule: "Ndugu mjumbe, unakumbushwa kikao, saa nne kamili, usikose." Nikamjibu kwa adabu zote, "Nimepokea, mwenyekiti." Nilipokata simu, mama watoto alikuwa kageukia ukutani, anacheka mpaka kitanda kinatikisika.

Mimi ni fundi majokofu. Nina kibanda, nina bango, nina meza yangu ya chuma, na hapa mtaani hata wanaonidai wananianza kwa salamu. Lakini tangu juzi nina cheo kingine ambacho sikukiomba: mjumbe wa Kamati Ndogo ya Sukari, shule ya msingi ambayo jina lake nalistiri kwa sababu wanangu watatu bado wako mle ndani.

Kikao cha wazazi mnakijua kinavyoitwa. Mtoto anakuja na kikaratasi robo ya ukurasa, kimetolewa kopi juu ya kopi, herufi zimefifia zote isipokuwa mstari wa mwisho unaosema mzazi asiyefika mwanae asionekane darasani. Siku zote anakwenda mama yao. Safari hii akasema kiuno, akalala. Nikavaa shati la harusi nikatoka.

Kikao saa tatu. Na mimi saa tatu nilikuwa pale, nawaambia hivyo ili mjue mnaongea na mtu wa namna gani. Tulikuwa mimi, mlinzi, na mbuzi ambaye sikujua ni wa nani lakini alionekana mwenyeji. Saa nne wakaanza kina mama. Saa tano kasoro akaingia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akapigiwa makofi, na sisi tuliowahi tukaambiwa tusogee tumpishe akae.

Tukaingizwa darasa la nne. Madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yangu yalikaa usawa wa kidevu kikao kizima. Kushoto kwangu mama mwenye kichanga mgongoni. Kulia kijana wa bodaboda aliyetumwa na kaka yake. Alipoulizwa kwenye kuandikisha mahudhurio kwamba mtoto yuko darasa la ngapi, akajibu, "Yule mrefu mrefu hivi."

Mwalimu mkuu akasoma taarifa ya shule. Wanafunzi 1,800 na ushee. Walimu, akataja idadi kwa sauti ndogo, akafungua ukurasa mwingine haraka. Akaeleza mtaala mpya ulioanza 2024, kwamba waliokuwa la tatu mwaka ule watamalizia la sita mwaka 2027, pamoja na la saba wa mwisho, wote kwa mkupuo. Mimi nina dada mtu la sita na mdogo wake la tano. Nikapiga hesabu kimya kimya: watoto wawili, mahafali moja, keki mbili. Mama mmoja nyuma akauliza kwa uchungu, "Mwalimu, mchango utakuwa mmoja au miwili?" Akaambiwa swali zuri. Mnajua maana ya kuambiwa swali zuri.

Elimu ni bila ada tangu Januari 2016, hilo hakuna anayelikataa. Serikali inatoa shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, 6,000 zinaingia akaunti ya shule na zilizobaki zinakwenda kwenye vitabu. Gawa hiyo 6,000 kwa miezi kumi na miwili, ni 500. Kwa 500 hapa kwetu unapata mandazi mawili na chenji ya kubishania. Kwa hiyo chaki, karatasi za mitihani, mlinzi, maji, kitasa cha mlango wa ofisi, vyote vinamtazama mzazi. Na tangu Rais Magufuli alipokaripia michango mwaka 2018, mwalimu hashiki hela. Hela inashikwa na kamati. Mwalimu anaitazama tu inavyopita.

Ajenda zilikuwa saba. Ya kwanza, uji.

Wazo lenyewe zuri. Watoto wapate kikombe cha uji saa nne, shilingi 300 kwa siku. Nikatoa kalamu, nikazidisha mara tatu, nikairudisha mfukoni. Nilidhani tutapitisha tuende. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akauliza: "Huo uji una sukari au hauna?"

Jamani.

Mwalimu wa afya akasema bila sukari ni bora kwa meno. Mama akasema, mwalimu, wewe kunywa wako bila sukari, mwanangu ana hamu ya kuishi. Makofi. Akasimama mzee mstaafu wa reli, yule ambaye kila kikao anaanza na "mimi sina mengi." Hakuwa na mengi. Alikuwa na miaka ya sabini yote. Akatueleza elimu ya kujitegemea, shamba la pamba la shule, uji wa bulga na maziwa ya unga ya msaada, na jinsi walivyokuwa wakinywa bila sukari, bila viatu, na wakatoka mainjinia. Kijana wa bodaboda akaninong'oneza, "Mzee yeye ni injinia?" Nikamwambia alikuwa anakata tiketi.

Akapewa nafasi mama anayeuza mandazi getini. Huyu alikuwa anapinga uji wowote, wa sukari, wa chumvi, wa asali, ila hakuweza kusema hivyo. Basi akazungumzia kuharisha. Aliizungumzia kuharisha kwa kirefu na kwa mifano mpaka mwenyekiti akamwomba afunge mada. Akafunga kwa kusema yeye hana maslahi yoyote, anajali watoto tu, huku beseni lake la mandazi limefunikwa kitambaa hapo hapo miguuni.

Mwalimu wa hisabati, kijana mpya, bado ana matumaini, akaona atatusaidia. Akaenda ubaoni. Akaandika: watoto 1,800, gramu 10 kila mmoja, ni kilo 18 kwa siku. Kilo moja tuseme 3,000. Ni 54,000. Akagawa kwa 1,800, akapigia mstari jibu mara mbili: shilingi 30 kwa mtoto.

Shilingi thelathini! Hapo mtu mwenye akili anasema haya, iwe 330, tufunge. Badala yake baba mmoja mwenye miwani akauliza gramu 10 ni kijiko gani. Mwalimu akasema kama vijiko viwili vya chai. Baba akataka kujua, vya kujaza au vya kufuta? Mwalimu akachora kijiko ubaoni. Kikachorwa vibaya. Mama mwingine akasema hicho ni upawa. Kikafutwa, kikachorwa kingine, na huyo baba akaja mbele kuonyesha kwa chaki nyekundu sukari inapotakiwa kuishia. Mimi nimekaa magoti kidevuni, friji la mteja wa nyama linanisubiri kibandani na nyama yake.

Wakaja wenye mapendekezo. Mmoja akasema wanaotaka sukari walipe, wasiotaka wasilipe, ziwe sufuria mbili. Akaulizwa nani atasimama kwenye foleni kuwatenganisha. Akasema walimu. Walimu wakacheka kwa pamoja, mara pekee siku hiyo walipokubaliana na kitu. Mwingine akasema kila mtoto aje na sukari yake kwenye karatasi. Hapo nilisimama. Sikupenda kusimama, ila nilimwona mwanangu wa la pili na karatasi ya sukari mfukoni mwa kaptula, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, akiwa amekaa kwenye dawati na wenzake watatu. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, hapo mtakuwa mnasomesha sisimizi."

Watu wakacheka. Nikakaa nimeridhika. Wala sikuona mwenyekiti anaandika jina langu.

Tukapiga kura. Mikono ya sukari ikahesabiwa, ikapatikana mingi kuliko watu waliosaini mahudhurio. Ikarudiwa, watu wakaambiwa mkono mmoja kila mtu. Mwenye kichanga akanyanyua mkono wake na wa kichanga. Mzee wa reli akasema kura ya wazi haina demokrasia. Mama wa mandazi akasema tuahirishe. Wengine wakakumbusha mwaka 2024, sukari ilipoadimika na kilo ikapita elfu nne, je ikirudi vile, hiyo 30 itakuwa ngapi? Mwalimu wa hisabati akashika chaki tena, akatazama ubao uliojaa vijiko, akairudisha mezani.

Saa nane kasorobo mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aliyekuwa amelala kwa macho wazi, akaamka akatoa busara: iundwe kamati ndogo, watu watano, ikalichakate suala la sukari na kuleta mrejesho. Wajumbe wakasomwa. Baba mwenye miwani. Mama wa khanga. Mzee wa reli. Mama wa mandazi, ili kuwe na uwiano. "Na yule fundi aliyechangia kuhusu sisimizi."

Ajenda ya pili hadi ya sita zikapitishwa kwa pamoja kwa sababu ya muda. Mpaka leo sijui nimekubali nini.

Ya saba ilikuwa mengineyo. Watu wameshasimama, madawati yanaburuzwa, mama wa mandazi kashafungua beseni. Mwalimu mmoja, mlezi wa wasichana, akanyanyua mkono. Akasema shule ina matundu ya vyoo 14, manne yamejaa. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo shule yetu ilipaswa kuwa na matundu themanini na zaidi. Mwenyekiti akasema, "Tumelipokea, mwalimu, ni jambo zito." Makofi. Sala ya kufunga.

Dakika moja, ndugu zangu. Nilitazama saa ya simu. Mwanangu yule wa la sita hanywi chai asubuhi. Mama yake alidhani anaringa, tukamgombeza, kumbe hataki kwenda chooni mpaka arudi nyumbani saa tisa. Mtoto wa kike, jua la huku kwetu, kutwa nzima hana tone la maji tumboni, na sisi wazazi wake, watu wazima mia mbili wenye ndevu na mikoba, tumekaa tunachora kijiko! Nikamfuata mwenyekiti mlangoni, nikamwambia kwa nini tusiunde kamati ndogo ya vyoo. Akanishika bega. Akasema vyoo ni suala la kitaalamu, lina mamlaka zake, lazima lipande ngazi.

Sukari haina mamlaka. Sukari ni yetu.

Basi tuyaache, pressure itanipanda bure. Hata sijagusa kundi la wazazi kwenye simu, ambako mtu anauliza kama kesho kuna shule na anajibiwa na watu arobaini kwa picha za maua za "asubuhi njema." Sijagusa makonda wanaoona sare ya shule kwa mbali wanagonga bodi gari isisimame, kwa sababu mwanafunzi analipa 200. Na fagio! Kila muhula, kila mtoto, fagio la chelewa. Piga hesabu mwenyewe ni fagio ngapi. Ukienda pale uwanja umejaa makaratasi na mlinzi anafagia kwa tawi la mwarobaini. Zinakwenda wapi? Siku moja nitafungua ile stoo.

Lakini kilichonikera wiki hii kuliko yote ni kikapu. Mwanangu wa la tano kaja Jumapili usiku, wakati nguo zimeshafuliwa na hela imeshakwisha, anasema kesho kikapu cha ukili, kazi ya mikono, kila mtu asuke wake. Mtoto huyu hajawahi kufunga kamba ya kiatu ikakaa. Na ukindu mjini nautoa wapi, niende nikapande mkindu sebuleni? Nikatembea usiku ule hadi kwa bibi mmoja karibu na soko. Huyu bibi anasuka tangu mimi sijazaliwa, vikapu vyake vinachukuliwa na watu wa hoteli, mikeka yake inazika watu. Nikanunua kidogo kuliko vyote, elfu tano, akanipunguzia kwa kuwa niliwahi kumtengenezea friji la ubuyu.

Jana kikapu kimerudi kimesahihishwa. Asilimia 58. Pembeni kwa wino mwekundu: "Ukili haujakazwa. Ongeza bidii."

Sasa mimi, kwa heshima ya yule bibi, nikaona si vizuri asikie kwa watu. Nikapita kwake jioni nikamweleza taratibu, nikamwonyesha na karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akakigeuza kikapu juu chini, akavuta ukili kwa vidole vyote kumi, haukusogea hata kidogo. Akanirudishia.

"Huyo mwalimu," akasema, "kwao wapi?"