Barafu ya mbali, ukuta wa jirani

Mjomba wangu, mvuvi wa Tudor hapa Mombasa, anajua barafu za aina mbili. Ya kwanza ni ya mapande, anayoiponda kwa gongo na kuwafunikia samaki kabla hawajapelekwa sokoni. Ya pili ni barafu za ukwaju, ambazo wajukuu zake hung'ata ncha na kunyonya mpaka ulimi ugeuke rangi. Nilipomwambia ipo ya tatu, iliyolala juu ya nchi ya Greenland, mahali pengine kwa unene wa kilomita tatu, na kwamba hiyo nayo inamhusu, alinitazama kama mtu anayedaiwa deni la jirani.

"Barafu iko kwao. Mimi hapa Tudor inanipata wapi?"

Nikamwambia bahari inapanda. Akauliza kwa kiasi gani. Nikasema milimita nne hivi kwa mwaka. Alicheka mpaka akaweka chini lema alilokuwa akilisuka.

"Mwanangu, siku za bamvua maji haya yanapanda mita tatu na ushei kwa saa sita, halafu yanarudi. Leo waniambia habari ya milimita?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na ndilo ninaloandika hapa, ingawa najua hatalisoma kwa sababu simu yake ni ya tochi.

Nikiri kwanza kwamba kosa la mjomba kutoelewa si lake. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi mito ya barafu, yaani barafu nene inayotambaa polepole kama mto, na 21 Machi ikawekwa kuwa siku yake kila mwaka. Nilihudhuria kikao kimoja cha mambo hayo hapa mjini, ukumbini kiyoyozi kinavuma mpaka akina mama wakajifunika mitandio mara mbili. Picha ya kwanza ilikuwa dubu mweupe. Ya pili pengwini. Ya tatu, ili na sisi tujione tumo, Kilimanjaro.

Kilimanjaro ni msiba wa kweli. Tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Lakini kumwambia mvuvi wa Mombasa kwamba barafu ile ndiyo inayomharibia bahari ni kumdanganya. Barafu ya Kilimanjaro ni kidogo mno, na sehemu kubwa yake haigeuki hata maji: jua na upepo mkavu huila ikapotelea hewani moja kwa moja. Chemchemi za kule chini zinalishwa zaidi na mvua ya msituni. Na ule udongo mwekundu unaoshuka na mto Sabaki kila masika, ukaifanya bahari ya Malindi kuwa kama chai ya maziwa, umetoka kwenye mashamba na malisho yetu, hauhusiani na theluji.

Barafu inayotuhusu ni ile ya mbali kabisa. Greenland peke yake hupoteza kama tani bilioni 270 kwa mwaka, na Antaktika nayo ina fungu lake. Kule kwenyewe viumbe wa baharini wanaionja kabla yetu, tena kwa njia ambayo mvuvi yeyote angeielewa akielezwa vizuri. Mto wa barafu unaofika mpaka baharini huachilia maji yake chini kabisa, mita mamia kutoka juu. Maji hayo ni matamu, yaani hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi, na hupanda kwa kasi yakivuta pamoja nayo maji mazito ya kilindini yenye rutuba. Juu kwenye mwanga, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho hushamiri. Vijidudu vinavila, samaki wanavila vijidudu, sili na ndege wanawafuata samaki. Ni shamba linalolimwa na barafu. Sasa mto huo ukiyeyuka ukarudi nyuma hadi ukabaki nchi kavu, maji yake yanaingia baharini kwa juu juu tu, kama mafuta juu ya mchuzi. Rutuba inabaki chini na shamba linalala.

Yako pia matope. Barafu ikisaga mwamba hutoa unga laini, na unga huo hutiririka na maji. Katika ghuba moja ya kisiwa cha King George, huko Antaktika, watafiti waliwakuta krili, jamaa wa kamba wadogo ambao nyangumi na pengwini huwategemea, wamekufa ufukweni kwa wingi, matumbo yamejaa chembe za mchanga badala ya chakula. Wanyama wa chini wanaojilisha kwa kuchuja maji nao wamepungua ghubani humo, kwa kuwa kichujio kimeziba.

Niliposoma habari hiyo sikufikiria pengwini. Nilifikiria Mwache.

Wakazi wa upande wa Jomvu na Mikindani wanaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997 na 1998. Mto Mwache ulishusha udongo wa bara, ukaumwaga juu ya mikoko, na miti ikafa imesimama, mieupe, maekari kwa maekari. Mkoko hauuawi na maji, umeumbwa kukaa majini. Kilichouua ni kwamba mizizi yake ya kupumua ilifukiwa. Mchu, aina moja ya mikoko, husimamisha vijiti vyake kutoka topeni kama penseli zilizochomekwa, na kila kijiti ni pua. Fukia pua hizo kwa udongo wa shibiri moja, umeunyonga mti. Unga wa barafu wa Antaktika na udongo wa Mwache havijuani, lakini kazi yao ni moja: kiumbe aliyezoea maji ya aina fulani analetewa maji ya aina nyingine, na hana pa kukimbilia.

Hayo maneno ya mwisho, hana pa kukimbilia, ndiyo ninayotaka kumrudia mjomba nayo. Ila kwanza mwezi.

Mjomba hajui Greenland lakini mwezi anaujua kuliko mimi. Anajua ukiwa mpevu, na ukiandama, maji huvutwa yakawa bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Hashangai kwamba kitu kilicho angani kinaweza kuivuta bahari. Basi rundo la barafu la Greenland nalo ni zito kiasi kwamba linaivuta bahari iliyo karibu nalo. Likipungua, mvuto unalegea, na maji yaliyokuwa yamekusanyika kando yake yanaachiliwa kwenda mbali. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: karibu na Greenland kwenyewe bahari inashuka, na huku kwetu ikweta inapanda kupita wastani wa dunia. Barafu yao ikiyeyuka, maji hayabaki kwao. Nilipomweleza hivyo, kwa mara ya kwanza mjomba hakucheka. Alisema, "Hilo la kuvuta, hilo nalielewa."

Tangu 1993 bahari ya dunia imepanda kama sentimita 10, upana wa kiganja. Sehemu moja ya kupanda huko ni maji yenyewe kutanuka kwa joto, na sehemu kubwa zaidi sasa ni barafu. Mjomba yuko sahihi kwamba kiganja si kitu mbele ya bamvua. Lakini viumbe wa ufukweni hawaishi kwenye wastani, wanaishi mpakani. Mikoko imejipanga kwa daraja: mlilana mbele kabisa unakopigwa na mawimbi, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa ndani zaidi, na kila mmoja umechagua mahali pake kwa saa unazofunikwa na maji na saa unazopumua. Ongeza kiganja, kisha kiganja kingine, na safu nzima inatakiwa isogee hatua kadhaa kwenda bara. Kina mama wanaoingia mwambani bamvua likitoka kutafuta pweza nao wana saa zao. Kiganja cha maji kinazila dakika, kimya kimya.

Na mwamba wenyewe? Tumbawe lenye afya huweza kukua kwenda juu sambamba na bahari, milimita kwa milimita. Letu halina afya hiyo. Mwaka 1998 maji yalipochemka, sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai, na joto limerudi mara kadhaa tangu hapo. Nisije nikaonekana ninailaumu barafu kwa kila jambo: kwa matumbawe, joto ndilo adui wa kwanza, na barafu na tumbawe ni wahanga wa moto mmoja. Lakini mwamba ukibaki chini bahari ikipanda juu yake, mawimbi ya kusi yanavuka yakiwa na nguvu zaidi, na nyasi za bahari za Nyali na Bamburi, wanakolisha tafi na kasa, zinang'olewa.

Deni la barafu si letu. Bara zima la Afrika halifikii hata asilimia tano ya hewa chafu ya dunia kwa mwaka, na wanaopaswa kulipa wanajulikana. Hilo nalisema kila ninapopewa kipaza sauti. Ila kuna sehemu ya kesi hii ambayo hatuwezi kumbebesha mtu wa Ulaya, nayo ni ukuta.

Bahari ikipanda, mikoko hupanda nayo ikiwa nyuma yake kuna ardhi tupu. Imefanya hivyo tangu zamani za zamani. Sisi tumeizibia nyuma. Tudor imepoteza sehemu kubwa ya mikoko yake tangu miaka ya 1990, kwa kukatwa, kwa maji taka, na kwa viwanja vinavyosogezwa kuelekea majini kifusi kwa kifusi. Kisha kinajengwa ukuta, na mwenye nyumba analala salama. Kaa na kamba wachanga, na samaki waliokuwa wakijificha kwenye mizizi mpaka wakomae, hawakupigiwa hesabu na mwenye ramani. Halafu tunauliza mbona soko la samaki limekauka.

Juma lililopita nilirudi kwa mjomba, maji yakiwa yamejaa mpaka mwisho. Alinipeleka kwa mtumbwi akanionyesha ukuta wa jirani, mrefu kunizidi. Chini yake zilielea mbegu za mkoko, za kijani zilizopauka, ndefu kama rula, zaidi ya mia. Mbegu ya mkoko hushuka ikiwa tayari ni mche. Inachohitaji ni tope la kujichomeka. Hizi zilikuwa zikigonga saruji, zinarudi nyuma kwa wimbi, zinagonga tena. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Juu ya ukuta mafundi wawili walikuwa kazini. Nilimuuliza mmoja wanafanya nini. Akasema tajiri ameagiza waongeze kozi mbili za matofali, kwa sababu bamvua la mwezi uliopita maji yalipita yakaingia kwenye bustani.

Mjomba alishika kafi, akageuza mtumbwi.

"Huyo," akasema, "keshaielewa barafu yako."