Ruta ya kujiundia: mkobani inashindwa, barazani inashinda

Mpwa wangu wa Wete kaunda ruta yake mwenyewe: kibao cha Raspberry Pi, yaani kikompyuta kidogo, kinachoendeshwa na mfumo huria wa Linux, modemu ya USB iliyotiwa laini, na pawabenki. Mwanzo alivipanga ndani ya kopo la bati la biskuti, akashangaa waifai haivuki mlango. Bati huzuia mawimbi. Sasa vimehamia kwenye kibakuli cha plastiki cha mama yake, ambaye hakuulizwa. Kusudio ni kutembea nayo: melini kutoka Mkoani hadi Unguja, shamba, popote. Nikamuuliza suala la kizee: si ungenunua mifi, ruta ya mfukoni iliyo tayari na betri yake, pale Darajani ukapumzika?

Kwa safari, hesabu inamkataa. Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba kiasi cha wati-saa 37. Toa zinazopotea katika kupandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, zinabaki kama 30. Kibao na modemu vikila wati 5 kwa pamoja, ni saa sita basi. Mifi ndogo ya betri ya mAh 1,500, isiyofika hata wati-saa 6, hukaribia saa hizo hizo, na inaingia mfuko wa kanzu. Tena kibao chake hakina swichi. Waya ukichomoka kikiwa kinaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na siku hiyo ruta haiamki.

Nyumbani mambo yanageuka. Chukua nyumba ya mabati iliyo bondeni, mnara uko nyuma ya kilima, na Pemba vilima havikosi. Mifi hushika mtandao ukiiweka dirishani tu, na waifai yake hubaki huko huko dirishani. Kijana yeye kaitoa modemu nje kwa waya wa USB wa mita tatu, kaifunga kwenye boriti ya baraza, kibao kimebaki ukumbini. Hapo nikaanza kunyamaza.

Halafu kuna bando. Kompyuta ya Windows ikianza kujisasisha kimyakimya, kifurushi cha wiki kinaweza kwisha kabla mtoto hajafungua somo la skuli. Ndani ya kile kibakuli, programu ya hostapd ndiyo inayorusha waifai, na nyingine, dnsmasq, humgawia kila aliyeunganishwa anwani yake na kumjibu kila jina la tovuti linapoulizwa. Mpwa kaiambia isiyajibu majina ya seva za masasisho mchana. Usiku, bando la bei nafuu likiingia, hufungua. Mifi nyingi nilizozishika hukuachia kubadili nywila na idadi ya watu, zaidi ya hapo ni kuomba dua.

Lakini si lazima kibao. Mwaka 2003 ilibainika kuwa ruta ya Linksys WRT54G inaendeshwa na Linux, na leseni ya Linux, GPL, inayomtaka anayeisambaza programu atoe na msimbo wake, ikawabana wenye kampuni wautoe. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa Linux wa kutia kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani. Mimi ningetafuta ruta kuukuu yenye tundu la USB inayokubali OpenWrt: mfumo wenyewe hukaa pasipoandikwa, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hauna madhara makubwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni fundi kuwa mmoja. Modemu yake ikichomekwa hujifanya CD, mpaka programu ya usb_modeswitch iigeuze iwe modemu kweli. Kuligundua hilo kulimkesha siku mbili. Mwezi ujao anakwenda chuo Unguja. Nilipomuuliza mama yake atafanyaje ruta ikigoma, alicheka, akafungua kabati. Mifi ya zamani imo, imechajiwa, na kibandiko cha nywila mgongoni.