Usikalie Hicho, Ni cha Kutazamwa

Jana nimetoka kazini nimechoka hoi, miguu inawaka moto. Nimeingia sebuleni, nimevua viatu, nikaanza kutafuta pa kukaa. Sasa sikilizeni: nyumba ni yangu, sebule ni yangu, na humo ndani mna vitu sita vyenye miguu. Cha kwanza ni kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja umeshikizwa kwa gundi na dua, kwa hiyo ni cha kutazamwa. Cha pili ni sanduku la safari la mtu tusiyemjua, limepandishwa cheo likawa meza. Cha tatu ni ngazi. Ngazi ya mbao, imeegemezwa ukutani, haiendi popote, kazi yake ni kubeba blanketi ambalo nalo haliruhusiwi kumfunika mtu. Cha nne ni stuli yenye umbo la uyoga, rangi ya waridi. Ukiikalia unateleza polepole mpaka unasalimiana na sakafu. Cha tano ni cherehani isiyoshona. Cha sita ni paka, na huyo ndiye pekee mwenye ruhusa ya kupanda juu ya vile vitano.

Nikakaa chini.

"Baba Juma," mke wangu akasema akipita, "mbona umekaa sakafuni kama mtu asiye na viti?"

Haya mambo ya kupamba nyumba kwa vitu vya zamani yaliingia kwetu kama mafua, huwezi kusema yalianza saa ngapi. Mara nikaona chupa ya dawa ya bluu dirishani, tupu. Nikaitupa. Kumbe! Siku hiyo ndiyo nilijifunza neno "vinteji". Nikaelezwa kwamba kitu kikipita miaka 20 hivi kinaanza kuitwa vinteji, na kikifika 100 kinakuwa antiki, hapo hata kukipumulia ni kosa. Nikapiga hesabu kichwani, nikamwambia basi hata mimi ni vinteji. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema vinteji inategemea na hali ya kitu chenyewe.

Tukaja kwenye kabati. Niliambiwa ni kabati la heshima, la mbao ngumu, na vile vitundu vidogo vidogo mlangoni ni "alama za umri". Tumelipandisha watu wanne, bega langu mpaka leo likibadilika hali ya hewa linanijulisha. Wiki ya pili nafagia, nakuta chini ya kabati kuna kichuguu cha unga, laini kabisa, kama mtu amepepeta. Nikafagia. Kesho yake upo tena. Nikapiga goti, nikaweka sikio. Fundi seremala alipokuja hakuhangaika hata kufungua mfuko wake. "Huyu ni dumuzi," akasema. Mimi nilikuwa nadhani vile vitundu ni milango ya kuingilia. Kumbe ni ya kutokea! Mdudu anaanguliwa kutoka yai lililotagwa kwenye ufa wa mbao, anakaa humo ndani miaka kadhaa akiwa funza, anakula tu, halafu akishakuwa mdudu mzima mwenye mabawa ndipo anatoboa anatoka. Yaani tundu ni risiti, chakula kimeshaliwa zamani.

"Basi kama wametoka, si wameondoka?" mke wangu akauliza kwa matumaini.

"Mama, unga mpya maana yake kuna waliobaki."

Na mimi niliyebaki ndiye niliyepewa bomba la sindano na dawa, nikamchoma sindano kabati, tundu moja baada ya jingine, usiku kucha. Nikiumwa mimi hupewa maji ya moto na kuambiwa nilale.

Halafu kuna hili la kukwaruza. Likaja dawati lenye rangi ya kijani imechubuka, nikapewa msasa. Hapo ndipo elimu iliniokoa. Nilikuwa nimesoma kwamba rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, mpaka Marekani ikapiga marufuku rangi za aina hiyo majumbani mwaka 1978, na kwamba vumbi lake ukilivuta linadhuru, watoto ndio zaidi. Nikausoma ule ukweli kwa sauti, taratibu, nikiwa nimeshika kikombe. Msasa ukarudishwa kwenye droo. Ndiyo siku pekee sayansi imewahi kusimama upande wangu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata uzee wenyewe siku hizi unatengenezwa. Kuna watu wanachukua meza mpya, haijamkosea mtu, wanaicharaza kwa mnyororo ili ionekane imepitia maisha. Wanaloweka sufi ya chuma kwenye siki, yale maji wanayapaka kwenye mbao, inageuka kijivu kama imekaa mvuani miaka mingi. Wengine wanatoboa vitundu vya dumuzi kwa keekee! Ila hapo ndipo wanapokamatwa, maana dumuzi hachimbi mstari ulionyooka, anakwenda kombo kama mlevi anayerudi nyumbani. Mimi mwanangu akikwaruza meza nanunua vanishi. Mwenzangu anakwaruza meza, anapandisha bei.

Sipingi vya zamani, msinielewe vibaya. Kile kiti namba 14 cha fundi samani Thonet cha mwaka 1859, kile cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, nakivulia kofia. Vipande sita vya mbao, skrubu kumi, nati mbili, basi. Vikifunguliwa, viti 36 vilikuwa vinaenea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Huyo alikuwa mtu mwenye akili na mwenye huruma kwa wabebaji. Kwangu kabati moja watu wanne.

Na usidhani ukikimbia vya zamani utapona, kwa sababu vya kisasa navyo vina wazimu wake. Eti nyumba ikiwa ya zamani tupu inakuwa makumbusho, kwa hiyo lazima iwe na "kichekesho". Kichekesho chenyewe ni mkono wa plasta unaotoka ukutani kushika ufunguo. Usiku wa kwanza nilipapasa swichi, nikashikana naye mkono. Sitaki kusema nilipiga kelele gani.

Tena hawa wabunifu wakubwa ndio waliowapa watu moyo. Mwaka 1990 Philippe Starck, Mfaransa, aliwatolea Alessi, kampuni ya Italia ya vyombo vya nyumbani, kikamulio cha limau chenye miguu mitatu mirefu, kama buibui aliyepungukiwa. Hakina bakuli, hakina chujio. Unaweka glasi chini, unakamua juu, mbegu zinajitegemea. Baadaye likatoka toleo lililopakwa dhahabu, na wakatahadharisha kwamba usilikamulie limau, asidi itaharibu dhahabu. Kikamulio! Cha limau! Kisichotaka limau!

Nilikosea kumwonyesha mke wangu nikitegemea tucheke pamoja. Akavutiwa. Akaanza kuchimba, akafika kwa yule farasi. Mwaka 2006 wabunifu wa Sweden wanaojiita Front waliibunia kampuni ya Moooi ya Uholanzi taa: farasi mweusi, ukubwa wa farasi wa kweli, kichwani amebeba kivuli cha taa. Nikakutwa na futi ya kupimia mkononi napima sebule yangu kwa ajili ya farasi. Vipimo vikakubali kama mimi ningehamia jikoni. Nikasema sawa, lakini farasi huyo atafagiliwa na nani? Kwa sasa jambo hilo liko kwenye majadiliano.

Lakini adui yangu wa kweli ni saa. Saa ya ukutani ya mbao, ya ufunguo. Ukiijaza inatembea siku nane, kwa hiyo kila Jumapili mwenye kazi ya kuijaza ni nani? Inapiga kengele kila saa, mapigo 156 kwa siku, nimezidisha mwenyewe. Na wao huko walikoitengeneza hawahesabu saa kama sisi. Usiku wake wa kwanza niko usingizini, nikasikia ngoo, ngoo, nahesabu ndotoni: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kumi na mbili! Nimechelewa kazini! Nimeruka, nimevaa suruali, nimepiga mswaki, nimefungua mlango. Giza totoro. Saa sita usiku.

Nikaifungua kuangalia tumbo lake. Humo ndani mna gurudumu lenye mikato pembeni, mikato hiyo ndiyo inayoamua mapigo mangapi, na linafuata zamu yake tu: moja, mbili, tatu, halina habari kabisa na mishale. Pembeni kuna kijiti cha waya. Ukikiinua linapiga zamu inayofuata. Nikakaa na wazo hilo siku tatu. Nikikutana na watu barabarani nawaitikia salamu lakini mimi niko kwenye gurudumu.

Basi juzi, saa ilipomaliza kupiga kumi na mbili zake za usiku wa manane, nikaamka. Baridi. Nikachukua lile blanketi la kutazamwa, nikajifunika, nikaisogeza ile ngazi isiyoenda popote mpaka chini ya saa, nikapanda. Nikainua kijiti. Ngoo. Nikainua tena. Ngoo, ngoo. Nilihitaji kuisogeza zamu sita, na hapo sikuwa nimepiga hesabu kwamba zamu sita ni mapigo 21. Kwenye la 15 taa ya chumbani ikawaka.

Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama ngazi, akatazama blanketi, akanitazama mimi.

"Shuka, Baba Juma."

"Subiri nimalize, nimebakiza sita."

Nikamalizia, nikashuka, nikamweleza habari ya gurudumu. Hakusema kitu. Tukatafuta pa kukaa, pakakosekana, tukakaa sakafuni chini ya saa, akavuta nusu ya blanketi. Karibu saa nzima ikapita, paka akitutazama kutoka juu ya uyoga. Mshale ukafika kwenye moja.

Ikapiga saba.