Kashata ni za Wageni, Leso ni ya Mtoto

Arobaini ya mtoto mchanga ikikaribia, siku hizi vitu vya mwanzo kuagizwa ni baluni, keki ya ghorofa mbili na bango lenye jina la mtoto. Mwenye sherehe hana haja na hata kimoja. Mtoto wa umri huo chakula chake ni maziwa tu, na kilicho mbali zaidi ya sentimita 30 hivi hakioni vizuri. Baluni nayo ikipasuka, kipande chake kikiokotwa na mtoto mdogo anayetambaa ni hatari ya kumpalia. Maoni yangu ni kwamba pesa hizo zinunue doti moja ya leso na nazi chache, kisha kazi igawanywe mapema: cha kitambaa ni cha mtoto, cha sukari ni cha wageni. Yakichanganywa ndipo mambo huharibika.

Tuanze na leso. Ukienda Biashara Street, Mombasa, utachanganyikiwa na rangi, lakini usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Leso iliyoandikwa ya kumsuta jirani isiwe ndiyo bibu (kitambaa cha kifuani) ya mtoto, wageni wanasoma. Leso mpya ina dondo, ni ngumu na hainyonyi maji. Ifuliwe peke yake mara mbili tatu kwa sabuni isiyo na manukato makali, mpaka maji yatoke meupe. Wengi huiroweka kwenye chumvi ati ishike rangi. Sioni faida yake. Inayochuja itachuja tu, na dawa ni kuisuuza hadi imalize. Bibi akiwa na leso yake kuukuu iliyolainika, hiyo ni bora kuliko mpya kwa upande unaogusa ngozi.

Leso moja huwa na urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Kata mraba wa 90 kwa 90 uwe shuka la kumfunikia, na tabaka la pili litoke kwenye leso ya pili au ile kuukuu. Kipande cha 60 kwa 110 kilichobaki kinatoa bibu sita za sentimita 25 kwa 32. Kabla ya mkasi, tandaza leso sakafuni uone jina limeangukia wapi, maana ukikata ovyo utabaki na nusu ya methali.

Bibu ina sura mbili, leso mbele na taulo jepesi nyuma. Tundu la shingo liwe na kipenyo cha sentimita 11 au 12. Laza sura nzuri zikiangaliana, shona kwa cherehani sentimita 1 kutoka ukingoni, acha mwanya wa sentimita 6 wa kupindulia. Kwenye mviringo wa shingo piga mikato midogo ya mkasi isiyofika kwenye mshono. Wanaoruka hatua hii ndio ambao bibu zao hujikunja shingoni, na pasi haiwezi kuzinyoosha. Halafu pindua, piga pasi, ziba mwanya. Kamba ndefu za kufunga sizipendi kwa sababu zinaweza kumkaba. Velkro inatosha, na shonea ule upande laini uangalie shingo. Vifungo na shanga viache kabisa.

Kuna wanaomshonea mtoto mto wa sufi. Sufi ni nzuri kwa godoro la mama, lakini nyuzi zake ni nyepesi, hupenya kwenye kitambaa kilicholegea na kuingia puani, na ikilowa hujikusanya mabonge. Tena mtoto wa chini ya mwaka hahitaji mto wa kulalia, na ni salama zaidi alale bila huo mto. Kama unataka kitu cha kuchezea, shona mpira wa kitambaa cha marekani uliojazwa vitambaa vilivyobaki kwenye leso. Unafulika na unakauka.

Sasa jikoni. Kashata za nazi zinaharibikia sokoni kabla ya jikoni: ukinunua koroma badala ya nazi iliyokomaa, hutapata mafuta ya kutosha na kashata hazishikani vizuri. Ikune nazi kwa mbuzi, uishie kwenye nyama nyeupe, kwa kuwa ukifika kwenye ngozi ya kahawia kashata zitapata weusi. Nazi iliyokunwa vikombe 3, sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, iliki kijiko kimoja cha chai. Chemsha sukari na maji mpaka tone ukilitia kwenye maji baridi liwe donge laini la kubonyezeka, ndipo utie nazi. Koroga kwa moto mdogo dakika 12 hadi 15, mpaka mchanganyiko uache sufuria wenyewe. Mimina kwenye sinia lililopakwa samli, sawazisha, kata kungali moto. Ukiwahi kuipua, utapata jamu. Ukichelewa, zitamumunyuka kisuni.

Visheti vina ujanja mmoja ambao hausemwi vya kutosha. Unga vikombe 3 usugue na robo kikombe ya samli, kisha ukande na tui zito kama robo tatu ya kikombe, pasipo kuukanda sana, la sivyo visheti vitakuwa vigumu. Kaanga kwa mafuta ya moto wa wastani. Moto mkali huchoma nje na kuacha ndani mbichi. Shira ni sukari kikombe kimoja na nusu kwa maji robo tatu ya kikombe. Na hapo ndipo penye ujanja: usitie ndimu. Ndimu huzuia sukari isigande, inafaa kwenye shira ya kaimati, ila visheti tunavitaka vikauke vikiwa vyeupe. Shira ikivuta uzi, mimina juu ya visheti vilivyopoa na upindue bila kusimama hadi ikauke.

Kikuba cha asumini, kile kishada cha kunukia, ni cha mama. Kina pini, kisibandikwe kwenye nguo ya mtoto wala pale anapolazwa kifuani.

Jamaa mwenye mapenzi atataka kumlambisha mtoto kitu kitamu kidogo. Akatazwe, hata kama ni mama mkwe, kwa adabu: "Mama, mtoto bado, chukua hiki chako." Asali ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 hauwezi kuvizuia. Kuichemsha nyumbani hakuviui.

Kufungasha nako kuna makosa yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko ya karatasi ya khaki peke yake hunyonya unyevu wa Mombasa, hasa wakati wa masika, kashata zikaanza kutoa majimaji. Zikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, zifungwe asubuhi ya siku yenyewe kwa karatasi ya mafuta, nne nne, ndipo ziingie kwenye khaki.